Dirisha Lina Pande Mbili

Sisimba, Mbeya
6 Julai 2024

Mwanangu Naima,

Assalaam alaykum. Ukiikuta karatasi hii imekunjwa ndani ya kanga usishtuke, hakuna msiba. Ni mimi mama yako. Kwenye simu tunaongea, lakini simu haina mahali pa kukaa. Mtu hajamaliza ya kwake salio limekwisha. Na mzigo bila barua ni kama mgeni aliyeingia ndani bila kusalimia. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, vumilia, darasa la nne ndiyo lilikuwa chuo kikuu changu.

Sisi huku wazima. Baridi imetukamata mpaka paka analala kwenye majivu ya jiko. Goti langu linauma asubuhi, mchana linasahau. Jirani Prisca anakusalimia, anasema ndaga fijo, asante sana, kwa ile sabuni. Mumeo Farhan mwambie picha alizotuma kwenye simu ya Prisca zimefika, na nimeziangalia mpaka mwenye simu akaomba simu yake.

Sasa nyumba. Naima! Nyumba ni yenu kweli? Hiyo sakafu inang'aa hivyo, watu hawaanguki? Nimemwambia Prisca, mwanangu ana nyumba ina dari kama keki ya harusi. Ila kuta nyeupe, makochi kijivu, zulia kijivu, nikasema mbona kama benki, mtu akikaa hapo atasubiri aitwe dirisha namba tatu. Halafu ukapiga simu ukasema hutaki mapazia ya dukani, unataka maua ya kanga, unataka vitenge, unataka na vile vitambaa nilivyokuwa nadarizi. Jamani! Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku hata ugali nikausahau motoni.

Nilifurahi, halafu wasiwasi ukaniingia, unanijua. Sisi zamani tulitundika kanga dirishani kwa sababu pazia hatuna. Mtu akipita nje anajua humo ndani hamna kitu. Sasa wewe una madirisha ya vioo unatundika kanga. Bi Nasrin mama mkwe wako, mwanamke wa mjini vile, akiingia atasemaje? Atasema mama yake Naima katuma mbeleko. Fikiria, mwanangu.

Lakini kama umeshaamua, basi nimekuchagulia kwa moyo wote. Kanga ya waridi jekundu, ile ya korosho ya njano, na ya asumini uliyokuwa unaililia ukiwa mdogo ukitaka kulala nayo. Usizifue na dawa ya madoa.

Mimi nipo tu hapa. Sina shughuli yoyote mwezi huu wala unaokuja. Sijauliza kitu, nimesema tu.

Mama yako,
Chiku


Kihesa, Iringa
21 Julai 2024

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Waalaykum salaam warahmatullah. Mzigo niliuchukua ofisi ya basi Jumatano, na nilivyoufungua tu sebule nzima ikanukia sanduku lako, ile harufu ya udi na karafuu. Farhan aliingia akasema, "Mama amefika?" Nikamwambia bado, ni harufu yake imetangulia.

Sisi wazima. Upepo wa Kihesa unajua ulivyo, vumbi linaingia hata mlango ukifungwa. Farhan ana kazi nyingi lakini akirudi anashika nyundo, amekuwa fundi wa kupigilia misumari.

Mama, ungeona! Ya korosho nimeshonea foronya za mito, nimeipanga kwenye yale makochi ya kijivu unayoyasema. Kochi limeamka! Ni kama mtu aliyekuwa amenuna akachekeshwa. Ya waridi nimempelekea fundi Jailos, ana cherehani pale barazani karibu na soko la Kihesa, aishonee pindo liwe pazia la sebuleni. Akataka kukata maandishi, eti nyumba ya kisasa haina maandishi. Nikamwambia, "Fundi, kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukikata jina umeikata ulimi." Akanicheka lakini ameacha.

Na wewe usiseme mbeleko. Siku hizi watu wanatafuta maua ya zamani kwa tochi. Ya dukani yote yanafanana. Haya hakuna mwingine anayo.

Ila mama, umetuma kipande kimoja kimoja! Kila doti ina vipande viwili, na dirisha lina pande mbili. Sasa waridi litakaa kushoto, kulia kutabaki kioo kitupu. Nitumie vya pili haraka.

Nyumba bado haijakaa sawa. Kuna chumba kimoja nimekifunga kwa ufunguo, hata Farhan haingii ovyo. Ikikaa sawa utajua.

Mwanao,
Naima


Sisimba, Mbeya
9 Agosti 2024

Mwanangu Naima,

Salaam nyingi kama mawe ya mto Sinde. Nimesoma barua yako mara nyingi, pale pa kochi limeamka nimemsomea Prisca akacheka mpaka akashika ukuta. Huku viazi vimekuwa vingi sokoni, nimekuwekea chini ya mzigo, usiviweke juani.

Kuhusu vile vipande vya pili. Cha waridi kimeazimwa na Prisca, amekwenda nacho msibani Tukuyu, hajarudi. Cha korosho nimekikuta kimeliwa kidogo na panya. Cha asumini nimekiweka mahali sipakumbuki. Uzee, mwanangu. Vikipatikana nitaona.

Badala yake nakutumia vingine. Kitenge cha maua ya kahawia, ni chako chote. Kanga ya kijani ya maua ya mkorosho, kipande kimoja. Na vitambaa vyangu vya kudarizi, vile vya makochi, vya pembe zenye maua ya bluu. Kile chenye tausi katikati usikitundike mbele za watu, nilikidarizi nikiwa na mimba yako, kichwa kilikuwa kinazunguka, nikaandika KARIBU MGNI. E imesahaulika. Nilishaona aibu ya kutosha nacho.

Bi Nasrin ameshafika hapo? Amelala? Mkaribishe vizuri, mama mkwe haonyeshwi kisogo. Yeye ndiye aliye karibu, mimi niko huku mbali. Na hicho chumba ulichofunga ni cha nani? Sijauliza kitu, ni kalamu tu imeteleza.

Kula, usifanye kazi ukiwa na njaa.

Mama yako,
Chiku


Kihesa, Iringa
2 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo, hatujambo, viazi vitamu, vitambaa vizuri kupita kiasi. Nimeandika salamu mbio kwa sababu nina jambo, nikichelewa kulisimulia nitapasuka.

Ile kanga ya waridi. Wewe unakumbuka jina lake? Mimi nilikuwa nimezama kwenye maua, maandishi sikuyasoma. Fundi Jailos naye anasoma maua tu. Mama, amelishona pazia juu chini! Waridi zinaning'inia kichwa chini kama popo na maandishi yako juu kabisa yamepinduka. Nikasema potelea mbali, nitalirudisha wiki ijayo, nani atasoma maandishi yaliyopinduka?

Jumamosi moja Bi Nasrin akaja na wageni wawili wa Miyomboni. Nikamkalisha, nikamletea chai na kachori. Akaliangalia pazia. Akapinda shingo kulia. Akapinda kushoto. Mwishowe akasimama, akainama, akachungulia dirisha kwa chini ya kwapa lake kama anayetafuta hereni, na akasoma kwa sauti ile ya kusomea watoto wa madrasa:

"UMEKUJA KUONANA AU UMEKUJA KUONA."

Mama! Wale wageni wakaangaliana. Farhan akasema anakwenda kununua mkaa, na sisi tunatumia gesi.

Bi Nasrin akakaa, akanywa chai funda moja. Akasema, "Mimi nilikuja kuonana. Lakini kwa kuwa nimeulizwa, basi na nione. Nitembezeni vyumba." Nikamtembeza. Jikoni akasifu, chumbani kwetu akasifu, vile vitambaa vyako vya maua ya bluu akavigeuza nyuma aone mafundo, akasema, "Huyu mkono wake umetulia." Tukafika kwenye mlango uliofungwa. Akasema, "Na humu?" Nikamwambia humu bado, mama, nisamehe. Akaniangalia sana. Akaondoka bila kumaliza kachori.

Nililia siku nzima. Halafu juzi amenitumia kifurushi. Kanga mpya ya maua ya zambarau, doti nzima, haijakatwa. Jina lake: KUULIZWA SI KUTUKANWA.

Amenijibu kwa kanga! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka mwiko ukaanguka. Zambarau ziko chumbani kwetu sasa, pande zote mbili, zimekaa vizuri sana.

Vile vipande vya pili vimepatikana?

Naima


Sisimba, Mbeya
11 Septemba 2024

Naima,

Salaam. Tuko wazima.

Nimesoma. Nilikuambia kuhusu kanga dirishani. Jina lile nilikuwa nalijua miaka yote na sikukumbuka, niliona maua tu kama wewe. Mwombe Bi Nasrin radhi kwa niaba yangu, mwambie mama yake Naima hakutuma neno, alituma waridi.

Ametoa doti nzima. Mungu amzidishie. Ni mtu mwenye uwezo wa kutoa kitu kizima.

Farhan alipiga simu Ijumaa. Akasema wanajiandaa na dua ya nyumba mwezi wa kumi na moja, watu watakuwa wengi, halafu akakohoa akasema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika, nilisikia redio yenu vizuri kabisa. Basi. Dua njema.

Safari hii sina mzigo. Karatasi imekwenda peke yake.

Chiku


Kihesa, Iringa
27 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na nishike miguu yote miwili. Nimechelewa kuandika. Nikikupigia unasema uko sokoni, saa hiyo hiyo namsikia paka wako analia kando yako. Nimemngoja seremala amalize ndipo nikuandikie. Sisi wazima, mvua bado, lakini mawingu yameanza kujikusanya upande wa Udzungwa.

Nilimpigia Prisca kumpa pole ya msiba wa Tukuyu. Akaniuliza, "Msiba gani?" Nikamwuliza habari ya kanga ya waridi. Akasema, "Mwanangu, mama yako hajawahi kuniazima kanga, hata chumvi anaitoa huku anaiangalia." Kwa hiyo hakuna msiba, mama, na nadhani hata panya hakuna.

Ngoja nikuambie habari za chumba kilichofungwa, maana sasa kimekwisha.

Kitanda nimemwambia seremala akipunguze miguu, kwa sababu kuna mtu goti lake linauma asubuhi na mchana linasahau. Bomba la kutawadhia liko hatua mbili tu, hakuna ngazi. Dirisha linatazama mawio ya jua, maana huyo mtu hupenda jua limkute bado ana tasbihi mkononi. Tandiko la kitanda nimelishona kwa kitenge chako cha kahawia. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, kuna tausi anasema KARIBU MGNI. Farhan alitaka nimwongezee hiyo E kwa uzi. Nikamwambia akiigusa atalala nje. Na dirishani nimetundika asumini. Fundi Jailos safari hii amelisimamisha sawasawa, nimelisoma mwenyewe: MGENI WA MOYO HABISHI HODI.

Bi Nasrin nilimkatalia asiingie kwa sababu sikutaka mtu yeyote atangulie kulala humo, wala hata kukaa.

Mama, ulipokuja kule Ipogolo tulipokuwa na chumba kimoja, ulilala kwa jirani juu ya mkeka wa watu. Asubuhi ulikuja ukasema umelala vizuri. Nikajiambia sikuiti tena mpaka niwe na mlango wako. Na nilitaka uikute nyumba imekwisha yote, siyo nusu. Sasa itakwishaje? Kila dirisha lina kipande kimoja, cha pili umekikalia wewe! Wewe unangoja uitwe, mimi nangoja vipande. Tungekaa hivyo mpaka kiama.

Jua la asubuhi linaingia upande ule usio na pazia. Litampiga mtu usoni.

Naima


Sisimba, Mbeya
3 Novemba 2024

Naima mwanangu, Naima mama yangu,

Salaam, salaam, salaam. Mistari inapanda mlima, vumilia. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikasimama. Prisca akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamwambia, nina chumba Iringa! Akasema, "Na mimi nilikuambia." Hakuniambia kitu, lakini nimemwachia.

Ya Ipogolo usiyarudie. Mkeka ulikuwa mzuri. Aliyekuwa anakoroma ni yule jirani.

Mimi nilidhani nimekuwa mzigo. Ile mara pale Ipogolo nilipopanga upya vyombo vyako vya jikoni, ukanyamaza, nikajisemea mwanangu ameudhika, hataniita tena. Kuuliza nikaogopa. Basi nikashika vipande. Sikuwa na kitu kingine cha kushika. Nilijua dirisha lina pande mbili, Naima. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na dirisha anajua. Nikasema akikihitaji cha pili, atanihitaji na mimi.

Lakini mama mkwe wako kanifundisha kwa kanga yake kuwa kuulizwa si kutukanwa. Basi leo nauliza, kalamu haijateleza, nimeishika imara: nije lini?

Usijibu. Barua itachelewa. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Vipande vyote nimevipiga pasi, waridi, korosho, asumini, mkorosho, hakuna panya aliyegusa. Nina mchele wa Kyela, msiniambie habari za mchele wa Madibira kabla hamjauonja huu. Bi Nasrin nimemwekea seti nzima ya vitambaa vya kochi, maua ya zambarau, nilianza kumdarizia siku ileile niliyokuandikia kwa hasira. Mkono ulikuwa hautaki kukasirika.

Je, wakinicheka na mfuko wangu wa viroba? Je, hiyo sakafu nikianguka? Haya, nitatembea peku.

Mama yako anayekuja,
Chiku


Kihesa, Iringa
Chumbani kwangu
1 Desemba 2024

Mwanangu Naima,

Nakuandikia huku uko kazini na Farhan anapakia mfuko wangu. Tuliagana asubuhi, lakini tulilia badala ya kusema, kwa hiyo yaliyobaki nayaweka hapa chini ya mto.

Dua ilikuwa nzuri. Sijawahi kuona watu wakiingia kwenye nyumba wakasahau kukaa. Kila mmoja anashika pazia, anashika mto, anauliza huyu fundi wa maua yuko wapi. Mmoja wa wale wageni wa Miyomboni aliniambia anakwenda kufukua sanduku la marehemu mama yake. Na pale Bi Nasrin aliponipeleka mbele ya waridi, zikiwa zimesimama sawasawa, kushoto na kulia, akaniuliza mbele ya watu wote, "Haya Bi Chiku, umekuja kuonana au umekuja kuona?" nami nikamjibu, "Nimekuja kukaa!" Vile walivyocheka, nilihisi ile dari ya keki inaanguka.

Yeye na mimi tumekubaliana mengi. Hatujakubaliana kuhusu hiliki kwenye chai, lakini hilo ni la mwakani.

Vyombo vya jikoni sijavigusa. Sufuria moja tu, ilikuwa mahali pabaya.

Nimelala vizuri, na safari hii ni kweli. Kila nikiamka namwona tausi wangu na ile aibu yake ndani ya kioo, namwambia mgni amefika. Jua lilikuwa linaingia kidogo tu, katikati, pale asumini mbili zinapokutana.

Sasa usishtuke ukifungua chumba jioni ukakuta dirisha lina pazia upande mmoja. Sijasahau, wala mwizi hakuingia. Cha kulia nimekikunja, nimeondoka nacho.

Ukipiga simu kuniuliza, nitasema Prisca amekiazima, amekwenda nacho msibani Tukuyu.

Mama yako,
Chiku